Mgawaji Huchukua la Mwisho

Siku ile ya kuanua matanga ya mama walikuwapo Baba Mkubwa Melkiori, kaka wa marehemu baba, akiwa amekalia kiti cha baba kwa mara ya kwanza. Shangazi Anjela, aliyekuja kutoka Sanya Juu na kikapu kitupu. Mzee Barnaba, mkubwa wa ukoo, na fimbo yake katikati ya magoti. Na sisi wanne tuliokuwa tukizungumzwa: mimi Kandida, Aloyce aliyenifuata, Restituta, na Deo kitinda mimba, ambaye nilikuwa nimempakata. Mama alikuwa ameshalazwa kando ya baba, nyuma ya migomba, na udongo juu yake ulikuwa bado haujashuka. Wiki iliyopita tulimzika Baba Mkubwa Melkiori. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki katika wale wakubwa watatu, kwa hiyo sasa wanaokumbuka vizuri kilichotokea sebuleni mwetu ni mimi na Aloyce. Restituta anakumbuka vipande. Deo hakumbuki chochote. Anajua tu kilichofuata.

Nisingeandika haya kama si maneno niliyoyasikia jikoni, hapo hapo msibani. Tulikuwa tunamenya ndizi za mtori, wanawake wengi, visu vichache, na Restituta alikuwa akimgombeza binti yake Glori, ambaye yuko kidato cha pili na amechaguliwa kuwa kiranja wa chakula shuleni kwao. "Nimelipa ada usome, siyo ukagawe maharage," alisema Restituta. Glori akajibu kwa sauti ya chini, "Lakini mama, nimechaguliwa." "Kataa. Mwambie mwalimu mama amekataa. Wenzako wanafanya hesabu, wewe umeshika upawa. Umeona wapi cheti kimeandikwa upawa?" Jirani mmoja akadakia kwamba amwache mtoto, ataolewa mapema, na mwingine akauliza ataolewa na nani, na sufuria? Wakacheka hadi ndizi zikawadondoka. Glori hakucheka. Alinigeukia mimi, pengine kwa kutafuta wa kumsaidia, akasema, "Mama Mkubwa, eti wewe ulisoma mpaka wapi?" Nikamwambia kidato cha pili, na mtihani sikuufanya. "Sasa shule ilikusaidia nini?" Hakuuliza kwa ufedhuli. Nilimwambia amenye ndizi yake. Restituta aliinamisha kichwa, akaendelea kukwangua ganda ambalo lilikuwa limeshatoka.

Shule yetu ilikuwa ya bweni, ya wasichana, upande wa chini wa mji wa Moshi, ambako sisi tuliotoka Mwika, juu mlimani kwenye baridi, tulilala bila blanketi na kushangaa. Bwalo lilikuwa refu, na madirisha yake yalikuwa na waya badala ya vioo. Jioni moshi wa kuni uliingia kutoka jikoni na kutulia juu ya vichwa vyetu kama dari ya pili. Kila meza ilikuwa na wasichana wanane na sufuria moja. Mwanzoni mwa mwaka wangu wa kidato cha pili ilikuwa vita. Mwenye mkono mrefu alikula, mwenye aibu alikunywa maji. Siku moja msichana wa meza ya mlangoni alimwagiwa maharage ya moto mkononi katika kugombea upawa, na kesho yake Mwalimu Foya, mwalimu wetu wa malezi, alisimama katikati ya bwalo. Alikuwa mfupi, mwenye kutembea kana kwamba ana ndoo kichwani. Hakutuhubiria. Alisema kila meza ichague mgawaji wa mwaka mzima. Mgawaji atapakua sahani zote. Wenzake watachagua, kila mmoja ile anayoitaka, na yeye atachukua itakayobaki. "Ukipunja, umejipunja," alisema, akatoka.

Meza yetu ilinichagua mimi, si kwa sifa. Rehema, ambaye baba yake alikuwa mkata miwa kwenye mashamba ya sukari kule chini na ambaye ulimi wake haukuwa na breki, alisema, "Tuwekeeni huyu Mchaga. Hawa wanajua kugawa nyama na kuficha pesa. Tumchunge kwa karibu." Mwingine akasema mkono wangu ukiteleza watanipeleka polisi. Wiki za kwanza nilikula makombo, kwa kuwa sikujua kupakua. Sahani moja ilijaa, nyingine ilikaa nusu, na iliyobaki ilikuwa daima ile mbaya, na ilikuwa yangu. Njaa ilinifundisha haraka kuliko mwalimu yeyote. Nilijifunza kutazama sahani badala ya nyuso. Kisha, nilipozizoea sahani, nikarudi kwenye nyuso, na hapo nikaona jambo ambalo sijaacha kuliona hadi leo: mwenye njaa hachagui chakula, anachagua kimo. Ugali ukiusimamisha kama kichuguu, mikono mitatu itaukimbilia, hata kama sahani ya pembeni, iliyotandazwa, ina ugali zaidi na maharage juu yake. Rehema alichukua kichuguu kila siku na kila siku akalalamika kwamba hana mboga. Nilijifunza pia kunyamaza wakati wa kuchagua. Ukisema neno moja, hata ukikohoa, mkono unahama.

Tulikuwa na mambo mengine mwaka ule. Kulikuwa na mdahalo kila Ijumaa, na nilishindwa kila niliposimama, kwa sababu nilipotakiwa kupinga nilianza kuwaonea huruma niliokuwa nikiwapinga. Kulikuwa na kwaya, na shamba la shule, na mchakamchaka wa alfajiri. Wa mdahalo walipewa vyeti. Wa upawa hatukupewa kitu, na mimi mwenyewe sikuuhesabu kuwa ni kitu. Ni sasa, baada ya kukaa katika vikao vya jumuiya na vikao vya harusi na kuona jinsi mtu mzima anavyogawa huku mkono wake mwingine ukiwa umeshafunika fungu lake, ndipo ninapoelewa nilichokuwa nikifanya pale mezani.

Mama alikuja siku ya wazazi. Alikuja na kiburu kwenye hotpoti, ndizi na maharage kama nilivyopenda, na akakaa nasi mezani bila kula. Gauni lake la kanisani lilimning'inia mabegani. Nilipakua, wenzangu wakachagua, nikachukua langu la mwisho, na mama akanitazama muda mrefu kuliko jambo lenyewe. "Kwetu wanawake hawagawi," alisema, nusu akitania. Nikamwambia kwamba kwetu hakuna Mwalimu Foya. Akacheka, akakohoa, akafuta mdomo kwa kitambaa na kukikunja haraka. Baadaye, tulipokuwa tukitembea kuelekea getini, alisema bila kunitazama, "Baba yako Mkubwa amekuja tena kukagua mpaka. Anasema anaangalia masale yasife." Kwa msomaji asiyetoka mlimani niseme kwamba isale ndio mmea tunaopanda kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na makaburi, na tunaupanda mpakani kwa sababu hiyo hiyo, kwamba haufi. Ukikata, unachipua. Ukiung'oa na kuutupa njiani, unaota njiani. Hata mtoto anajua. Nilisimama getini na kumwangalia mama akiondoka, na nikatamani angekuwa amesema kitu kingine chochote.

Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza Sista mmoja wa shule yetu alipotokea mlangoni mwa darasa. Hakuita jina. Alitafuta kwa macho, safu kwa safu, na kabla hajafika kwangu nilikuwa nimeshaweka kalamu chini.

Katika siku za msiba nilijifunza kwamba watu wanaweza kukulilia na kukupima kwa wakati mmoja. Mtu alimshika Aloyce bega kumpa pole, na mkono ukakaa pale, ukibonyeza. Shangazi Anjela alimsifu Restituta kwa jinsi alivyosugua masufuria. Baba Mkubwa alizunguka kahawa mikono nyuma, akihesabu mistari kwa kidevu. Mchana mmoja nilikuwa stoo nikitafuta chumvi, na kupitia ukuta wa mbao nikawasikia. "Huyu wa kike nitamchukua mimi, ana mikono," alisema Shangazi. Baba Mkubwa akasema, "Aloyce ana mabega. Tarakea mpakani kuna mizigo ya kuvusha, nimechoka kulipa vibarua." "Na Kandida?" "Huyo ameshauliziwa. Kuna mzee mmoja, mgane anayetafuta mke, hana makuu." Nikasikia Shangazi akikoroga chai. "Na hako kadogo?" "Tutaona. Masista wapo." Nilibaki nimesimama na chumvi mkononi. Sikulia. Tangu wakati ule nilitaka kitu kimoja tu, na nilikitaka kuliko shule na kuliko kesho yangu: tusitawanyike.

Siku ya kuanua matanga alichinjwa mbuzi. Wanaume walimgawa uani kama anavyogawanywa tangu enzi za mababu, kila mmoja akipewa kiungo cha cheo chake: mkubwa wa ukoo chake, kaka wa marehemu baba kidari, na hakuna anayeuliza wala kuchagua. Kisha tukaingia sebuleni. Mvua ilikuwa ikipiga bati na tulilazimika kusema kwa nguvu. Viti vilikuwa na vitambaa alivyovifuma mama, na ukutani picha ya Moyo Mtakatifu na ya baba na mama siku ya ndoa yao. Baba Mkubwa alishusha kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akafuta midomo, akaanza kutugawa kwa sauti ile ile aliyotumia kwa mbuzi. Restituta aende na Anjela. Aloyce aje kwake. Kandida amekua, atatafutiwa kwake. Mdogo ataombewa nafasi. "Na kihamba," alisema, "nitakitunza mimi mpaka watoto wakue." Aloyce alinitazama. Sijawahi kuona tena macho kama yale kwa mtoto.

"Shikamoo Mzee Barnaba," nikasema. "Naomba kuuliza."

"Marahaba. Uliza."

"Anayegawa huchukua wa ngapi?"

Mzee alitega sikio, akidhani mvua imemdanganya. Nikarudia. Nikasema kwamba shuleni kwetu anayegawa huchukua la mwisho, lakini Baba Mkubwa amegawa, na amechukua la kwanza. "Yesu na Maria," alisema Shangazi Anjela, "mtoto amepewa mbege?" Baba Mkubwa hakukasirika, na kama angekasirika ningenyamaza. Alicheka. Alicheka hadi akashika magoti, kwa sababu katika maisha yake yote alikuwa amepewa kiungo cha cheo chake, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia achague. "Haya, msomi," akasema. "Gawa wewe. Mafungu mawili. Mimi nichague, wewe ubaki na la mwisho. Si ndivyo mnavyofundishwa?"

"Mbele ya Mzee?" niliuliza.

"Mbele ya Mzee, na mbele ya hao walioko ukutani."

Mzee Barnaba alisema polepole, "Melkiori, umesikia ulichosema?"

"Nimesikia, Mzee. Si ni mtoto?"

Mimi sikuwa na ujasiri wanaonisifia Aloyce na watoto wake wanapoisimulia habari hii. Nilikuwa nimemng'ang'ania Deo, naye alikuwa mzito. Lakini mikono yangu ilikuwa imepakua sahani nyingi mwaka ule kuliko nilivyoandika insha, na mikono ilijua. Nikasema fungu la kwanza ni kihamba chote, kuanzia mfongo wa juu unaotuletea maji mpaka barabarani, kahawa, migomba, ng'ombe na nyumba hii tuliyokaa. Fungu la pili ni sisi, watoto wanne, na vyombo na nguo, yaani vitu vinavyobebeka. Na mwenye fungu moja asiguse la mwenzake. "Na mimi?" aliuliza Shangazi. Mzee akamwambia, "Wewe umekuja na kikapu, utaondoka na nyama." Kisha Mzee akanigeukia, na sauti yake ilibadilika. "Binti, nyumba ya baba ni ya kitinda mimba. Hicho ulichokiweka mezani ni cha huyo uliyempakata. Unajua?"

"Najua," nikasema.

Halafu nikanyamaza, kama nilivyojizoeza. Baba Mkubwa alitazama dirishani. Migomba ilikuwa imelowa, imesimama mizito, na nyuma yake kahawa nyeusi kwa ubichi. Kilikuwa kichuguu kirefu kuliko vyote nilivyowahi kusimamisha. "Hata nyumba?" aliuliza. Sikujibu. Akayageuza macho, akamtazama Aloyce, mabegani, na akakawia hapo, na ninakiri kwamba hofu niliyoipata wakati ule haijawahi kutoka mwilini mwangu yote. Huja tena mvua ikipiga bati. Hatimaye alisema, "Nachukua la kwanza." Mzee Barnaba aliinuka bila kusema, akatoka mvuani, akarudi na jani la isale, akalilaza juu ya meza kati yangu na Baba Mkubwa. Kwetu jani hilo ni la amani, na likishawekwa halipitwi. "Isale limelala hapa," alisema. "Hakuna atakayemdai mwenzake. Si mahakamani, si kwa padri, si kwa watoto wenu." Nami nikachukua la mwisho.

Tulishuka Moshi na magodoro, tukapanga chumba kimoja. Nilikwenda shuleni kuchukua sanduku langu, na Mwalimu Foya akanisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. "Darasani sina nafasi ya mtu mwenye watoto watatu," alisema. "Jikoni ninayo." Ndivyo nilivyorudi kwenye bwalo lile lile muhula ule ule, ila upande wa pili, wenye masufuria. Siku ya kwanza nilijificha nyuma ya mvuke. Rehema alikuja dirishani na sufuria ya meza yetu, akaniona, akatulia, na uso wake ukaanza kuvunjika. Kisha akasema kwa sauti ya bwalo zima, "Wewe Mchaga, ukoko ni wangu, usijisahau." Nilimkwangulia. Jikoni humo nimepikia wasichana ambao sasa mabinti zao wanakuja, na ndimo alimotoka Aloyce hadi akawa fundi wa mabodi ya malori, na Restituta hadi akawa nesi, na Deo hadi akapata leseni ya udereva. Hatukulala nyumba mbili tofauti mpaka kila mmoja alipoondoka kwa miguu yake.

Kwa hiyo, Glori, utakaposoma haya, usichukue kwamba hesabu si kitu. Ningeitaka hesabu. Ningeutaka ule mtihani. Ila mama yako anadhani shule ni yale yanayoandikwa ubaoni, na yeye mwenyewe alilelewa na upawa. Kubali ukiranja. Pakua, watazame wenzako wakichagua, na ujue jinsi inavyokuwa kubaki na sahani ambayo hakuna aliyeitaka. Utakutana na Melkiori wako, na hatakuja na mtihani mkononi.

Lakini sikupanga kuishia kwa mausia, kwa sababu siku ya mazishi haikuishia hapo. Baada ya kaburi la Baba Mkubwa kufunikwa, watu walikwenda kula, na mimi nikapita nyuma ya migomba kuwaona baba na mama. Nilikuta vigingi. Vilikuwa vipya, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepigwa kuanzia mfongoni kushuka, na kimoja kilikuwa kimesimama kati ya makaburi mawili. Wanawe Melkiori wanauza. Mnunuzi ni mtu wa mjini, anataka kujenga nyumba za wageni wanaokuja kupanda mlima. Binamu yangu mkubwa aliponiona alikuja na sahani ya nyama, mwenye adabu nyingi, akasema, "Karibuni, karibuni wageni wetu, msiogope, makaburi tutaongea." Nilitaka kusema. Lakini jani lile la isale liliwekwa mbele ya macho yangu, nami ndiye niliyelikubali.

Deo alikuwa amesimama pale, na koti amelivaa juani. Amekonda mwaka huu. Anasema ni safari ndefu za lori, na Restituta, ambaye ni nesi, akisikia hivyo hutazama kando. Alikuwa ameshika kile kigingi kama mtu anayejaribu kama meno yamelegea.

"Dada," akasema, "wewe watakuzika wapi?"

"Sijui. Njoro, kwenye makaburi ya mjini, pengine."

"Na mimi?"

Mtu wa kwetu huzikwa kihambani kwake. Hakuna njia nyingine ya kulisema hilo. Nilimwambia kwamba nilimgawia ndugu zake, nikachukua kihamba chake kuwalipia, na kwamba najua hakuulizwa. Nikamwambia, "Unanidai, Deo."

Nilitegemea akatae, kama ambavyo Aloyce na Restituta wangekataa kwa kelele na kunikumbatia. Deo alifikiri. Akafuta udongo kiganjani.

"Ndiyo, Dada," akasema. "Nakudai."